Anataga mayai 12, mbona haongezeki?

SWALI: Shikamoo Daktari. Naishi Katy, magharibi ya Houston. Mwanangu wa darasa la nne alirudi na kazi ya shule kuhusu ndege anayeitwa kuku wa mbuga wa Attwater. Wanasema amebaki hapa Texas tu, na yuko mbioni kutoweka. Nilipokuwa namsaidia kusoma nikaona kwamba tetea mmoja anataga mayai 12 hivi kwa mpigo. Mimi nimekulia Kondoa. Kwa mama yangu kuku hawakuwahi kwisha, na hatukuwa na daktari wala mashine. Inakuwaje nchi yenye fedha kama hii ishindwe kuzidisha kuku kwa miaka 30? Na kwa nini wasiwape wananchi wakawafuga? Mama Baraka

JIBU: Marahaba, Mama Baraka, na umsalimie huyo mwanafunzi wetu.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Mayai si tatizo. Tetea wa mbuga anataga vizuri, anaatamia kwa siku zipatazo 26, na yai lililonusurika na nyoka, rakuni na maji ya mvua kwa kawaida huanguliwa. Kinachomkwamisha ni vifaranga, hasa katika siku zao 14 za kwanza. Hapo ndipo 12 inapogeuka sifuri. Fedha, mashine na madaktari unaowasikia vyote vimekuwa vikizizunguka hizo wiki mbili, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na hakika ni nini hasa kinachowamaliza.

Kwanza ndege mwenyewe, kwa ufupi. Jina lisikufanye udhani ni kuku aliyetoroka bandani akazoea pori. Yumo katika ukoo mmoja na kuku, kanga na kwale, lakini tawi lake ni la ndege wa kaskazini ya dunia ambao Afrika hawapo kabisa. Miguu yao imevaa manyoya hadi karibu na vidole. Mzima hafiki kilo moja. Ana rangi ya kahawia iliyokatizwa na mistari myeusi mwili mzima, na akijilaza kwenye nyasi kavu unaweza kumkaribia mpaka ukamkanyaga. Kitaalamu ni Tympanuchus cupido, na alikuwa na matawi matatu. La pwani ya Atlantiki limekwisha, nitalirudia baadaye. La bara, kwenye nyanda za Kansas na Nebraska, bado lipo na hata huwindwa kwa kibali. La tatu ndilo hilo lenu la mwambao wa Ghuba ya Mexico, lililopewa jina la Henry Attwater, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Texas mwishoni mwa karne ya 19.

Sasa tuwaangalie vifaranga kwa karibu. Kifaranga wa mbuga akitoka kwenye yai uzito wake haufiki gramu 20. Akishakauka anasimama na kumfuata mama, na kiota hakirudiwi tena. Mama hamlishi. Kazi yake ni mbili tu: kumwongoza mahali penye chakula na kumfunika kwa mbawa, kwa sababu kifaranga wa siku chache hawezi kutunza joto la mwili wake. Kwa hiyo maisha yake yote ya wiki ya kwanza ni kutoka chini ya mama, kula haraka haraka, kurudi kupata joto, kisha kutoka tena. Mvua ikinyesha mfululizo hatoki, na asipotoka hali.

Na anachokula si mbegu. Mbegu na majani ni chakula cha wakubwa. Kifaranga anataka wadudu: panzi wadogo, viwavi, buibui, mende wadogo wa kwenye majani. Anataka protini nyingi kwa sababu ana haraka ya kuotesha manyoya ya mbawa. Akifikisha wiki mbili anaweza kuruka hatua chache, na hapo nafasi yake ya kuishi inapanda. Kabla ya hapo hana silaha isipokuwa kujibanza. Sasa piga hesabu. Kama wadudu wamejaa, anashiba ndani ya eneo dogo na kurudi kwa mama kabla hajapoa. Kama wadudu ni haba, atatembea zaidi, atakaa nje zaidi, atapoa zaidi, ataonekana na mwewe zaidi, na jioni bado hajashiba. Hakuna siku moja utakayosema leo amekufa kwa njaa. Anadhoofika, kisha kitu chochote kinammalizia: baridi ya usiku, manyunyu, au nyoka aliyemkuta amebaki nyuma ya wenzake.

Kuku wa mama yako Kondoa hawakuwa na daktari, lakini walikuwa na mama yako. Kulikuwa na pumba jioni, banda usiku, mchwa waliofukuliwa kando ya nyumba, na mtu wa kupiga kelele mwewe akishuka. Hata hivyo, nina hakika mkiwahesabu vifaranga waliofikia umri wa kuchinjwa, hawakuwa 12 kwa 12. Ndege wa mbuga hana pumba wala banda. Ana nyasi na wadudu wake tu, na hivyo viwili ndivyo vilivyoharibika.

Nyasi ni rahisi kueleza. Mbuga ya asili ya mwambao wa Texas ina nyasi ndefu zinazoota kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu ardhi iko wazi. Kwa kifaranga hiyo ni njia ya kupita, huku majani yanayoinama juu yake yakimficha. Nyasi za malisho zilizoletwa kutoka nje, zile zinazotambaa na kufunika ardhi yote, kwake ni ukuta. Shamba lote linaweza kuonekana kijani na zuri, na kifaranga asiweze kwenda hatua tatu. Ndiyo maana mtu akiniambia "lakini nyasi zipo tele huko", namuuliza ni nyasi gani.

Kuhusu wadudu, kuna mkosaji ambaye wewe mwenyewe unamjua. Mtu yeyote aliyekaa Katy na kukanyaga kichuguu chao akiwa na ndala anawajua sisimizi wa moto. Asili yao ni Amerika Kusini. Waliingia Marekani kwenye miaka ya 1930 kupitia bandari ya Mobile, Alabama, pamoja na shehena za meli, wakasambaa majimbo ya kusini na kufika Texas miaka ya 1950. Mwanzoni watu walidhani ubaya wao kwa kuku wa mbuga ni kumshambulia kifaranga wakati anatoboa yai. Hilo hutokea kweli. Ila madhara makubwa yalikuwa ya kimya zaidi: sisimizi hao wanakula au kufukuza wadudu wale wale ambao kifaranga anawategemea. Utafiti ulioongozwa na Mike Morrow, mwanabiolojia wa hifadhi ya ndege hawa, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha maeneo yaliyowekewa chambo cha kuua sisimizi na maeneo yaliyoachwa. Penye chambo wadudu waliongezeka kwa karibu robo, na uwezekano wa kundi la vifaranga kuvuka zile wiki mbili ulikuwa takriban maradufu.

Hapo nina la kusema. Kabla ya matokeo hayo, kulikuwa na maelezo yaliyopendwa sana kwamba matetea waliozaliwa kwenye vibanda hawajui kulea. Lawama ikamwangukia mama, hata porini! Kumbe matetea wale wale, wa asili ile ile, wakipelekwa kwenye nyasi zenye wadudu walifaulu zaidi. Sisemi kwamba malezi ya bandani hayana kasoro, zipo, nitazitaja. Nasema kwamba tulimchunguza mama kabla hatujachunguza sahani. Ilifika mahali watu wa hifadhi wakapita nyasini na nyavu, wakanasa wadudu na kuwapelekea matetea waliowekwa kwenye vizimba pamoja na watoto wao mpaka wiki mbili zipite. Ilisaidia, lakini huwezi kuirudisha spishi kwa kuilisha kwa mkono.

Mwanao anaweza kuliona hili mwenyewe. Atengeneze wavu wa kitambaa chepesi kwenye waya na mpini. Apige mapigo 20 juu ya nyasi zilizokatwa za mtaani kwenu, halafu 20 kwenye uwanja ulioachwa bila kukatwa, kisha ahesabu alichonasa kila mahali. Asubuhi umande ukishakauka ndio wakati mzuri. Na avae viatu vya kufunika.

Umeuliza imekuwaje wakafika hapo. Kwa kifupi: jembe, ng'ombe na nyumba. Mbuga ya mwambao wa Texas na Louisiana ilikuwa na ukubwa wa ekari zipatazo milioni 6, na kuku hawa wanakadiriwa kuwa walifikia milioni moja. Leo mbuga iliyobaki katika hali yake haifiki asilimia 1. Mpunga ulichukua sehemu kubwa. Hapo Katy unapoishi palikuwa mbuga, pakawa mashamba ya mpunga, kisha pakawa mitaa. Kwenye malisho, ng'ombe walizidi na nyasi zikaisha. Risasi nazo zilifanya kazi yake, maana watu waliwawinda kwa mamia, lakini uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1937 na idadi ikaendelea kushuka bila bunduki. Mwaka huo walikadiriwa 8,700 Texas, na Louisiana walikuwa wamekwisha kabla ya 1920. Mwaka 1967 waliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, wakiwa kama 1,000. Halafu angalia hesabu za miaka ya 1990: 456 mwaka 1993, 158 mwaka 1994, 68 mwaka 1995, 42 mwaka 1996. Miaka mitatu tu.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni moto. Mbuga hii inataka kuungua kila baada ya miaka michache. Ukizuia moto, vichaka na miti huingia, na hasa mti mmoja wa Kichina wenye mbegu za nta ambao umeishika Texas ya pwani vibaya. Kuku wa mbuga hapendi miti mirefu. Kwake mti ni kiti cha mwewe. Shamba likiota miti mia, analihama hata kama nyasi chini bado ni nzuri. Wafugaji wa kwetu waliochoma nyasi mapema kiangazi ili malisho yachipue wanaelewa hili bila kufundishwa. Hifadhi nayo leo huchoma nyasi kwa zamu na kuingiza ng'ombe kwa kipimo, kwa nia ile ile.

Nisipokueleza ngoma yao nitakuwa nimekunyima uhondo, na isitoshe ngoma hiyo ina uhusiano na swali lako. Kuanzia Februari, giza la alfajiri likiwa bado halijatoka, majogoo hukusanyika kwenye uwanja wa nyasi fupi, na uwanja huo huo hutumika mwaka hadi mwaka. Kila mmoja ana kipande chake. Anainamisha kichwa, anashusha mbawa mpaka ziguse ardhi, anasimamisha mkia, na manyoya marefu ya shingoni yanasimama wima pande mbili za kichwa. Miguu inapiga chini kwa kasi hadi unasikia mtetemo. Kisha mifuko miwili ya ngozi ya rangi ya chungwa inavimba shingoni na sauti inatoka: nzito, ya chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Asubuhi isiyo na upepo inasikika zaidi ya kilomita moja. Majirani wawili wakikutana mpakani wanaruka na kupigana mateke. Matetea hupita katikati taratibu, wakijifanya wanadonoa nyasi, na huku wanachagua. Ukitaka mfano wa Afrika Mashariki, nenda nyanda za juu za Kenya au upande wa Ngorongoro msimu wa mvua, umwone Euplectes jacksoni, yule ndege mweusi mwenye mkia mrefu anayerukaruka juu ya duara alilolikanyaga kwenye nyasi. Ni mtindo ule ule.

Sasa uhusiano wake na hesabu: matetea karibu wote huchagua jogoo mmoja au wawili wale wale. Uwanja wenye majogoo 20 kwa macho unaweza kuwa na baba wawili kwa damu. Kundi likiwa kubwa hiyo si shida. Likiwa dogo na limezungukwa na mashamba pande zote, baada ya vizazi vichache kila mtu ni ndugu wa kila mtu. Mfano uliochunguzwa vizuri kuliko yote ni wa binamu zao wa jimbo la Illinois. Mwaka 1962 kundi lililobaki huko lilikuwa na ndege 2,000. Mwaka 1994 hawakufika 50, ingawa ardhi yao ilikuwa imehifadhiwa. Mayai yasiyoanguliwa yalizidi mwaka hadi mwaka. Kuanzia 1992 wakaletwa ndege kutoka Minnesota, Kansas na Nebraska kuchanganya damu, na mayai yakarudi kuanguliwa. Mama yako angeelewa mara moja, kwa sababu mfugaji yeyote anajua kwamba jogoo hubadilishwa na wa kijiji cha pili.

Na lile tawi la Atlantiki nililosema limekwisha? Mwisho wake uliandikwa karibu siku kwa siku. Walibaki kwenye kisiwa kimoja, Martha's Vineyard, Massachusetts. Mwaka 1908 wakatengewa hifadhi wakiwa hawafiki 100, na kufikia 1916 walikuwa karibu 2,000. Watu wakaamini kazi imekwisha. Mwezi Mei mwaka huo moto ukapita kisiwani matetea wakiwa kwenye mayai. Majira ya baridi yaliyofuata yakaleta mwewe wengi kuliko kawaida, kisha ukaja ugonjwa uliotokana na bata mzinga wa kufugwa. Mwaka 1927 walihesabiwa 13, karibu wote majogoo. Kuanzia 1929 alibaki jogoo mmoja, akija uwanjani peke yake. Alionekana mara ya mwisho tarehe 11 Machi 1932. Ulinzi ulikuwapo na fedha zilikuwapo, lakini ndege wote walikuwa mahali pamoja.

Texas walikuwa na somo hilo mbele yao walipoamua kuwazalisha kwenye vizimba. Kazi ilianza 1992 katika kituo cha Fossil Rim, kisha Houston Zoo ikaingia 1994, na wengine wakafuata. Mwanao atafurahi kusikia kwamba sehemu ya vizimba vya Houston Zoo iko ndani ya kituo cha anga cha NASA, Johnson Space Center, kwa kuwa pale pana nafasi na utulivu. Mayai huwekwa kwenye mashine za kutotolesha, vitabu vya ukoo hutunzwa ili ndugu wasipandane, na vijana wakishakua hupelekwa mbugani, hukaa kwenye vizimba vya kuzoea mazingira kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha milango hufunguliwa. Wengi huvalishwa kisambaza mawimbi cha redio shingoni ili wafuatiliwe. Kwa mwaka huachiwa mamia.

Hapo ndipo utakaponiuliza: mamia kila mwaka, na bado? Bado. Kijana aliyelelewa kizimbani hajawahi kuona mwewe akishuka. Utumbo wake umezoea chakula laini cha mfuko. Wengi hufa katika miezi ya kwanza, na hata ndege wa porini kabisa wa aina hii ni wachache wanaovuka miaka mitatu. Wanaobaki hutaga vizuri, na kutoka hapo tunarudi kwenye zile wiki mbili. Kizimba kimewaokoa wasitoweke, na bila hicho wangekuwa wamekwisha kabla ya mwaka 2000. Lakini kizimba hakiwezi kutengeneza panzi. Mimi ningepewa fedha leo, ningeziweka kwenye ardhi na chambo cha sisimizi kabla sijajenga banda jingine. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na wana hoja, kwa sababu ndege wakikosekana ardhi peke yake haina cha kurudisha.

Halafu ikaja mvua. Mafuriko ya masika 2016 yalizamisha viota, na Agosti 2017 kimbunga Harvey kikatua pwani hiyo hiyo. Ndege anayelala chini kwenye nyasi hana pa kukimbilia maji yanapopanda. Masika yaliyofuata walihesabiwa porini dazeni moja tu. Uachiaji ukaendelea, miaka mizuri ikafuata, na hesabu ya masika 2021 ikafika 178, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote tangu 1993. Ni habari njema, ila uipime: mpango rasmi unataka watu wazima 6,000 kwenye ekari 300,000 kabla ya kusema wamepona. Hifadhi yao kuu, karibu na Eagle Lake, iliyoanzishwa 1972, ina ekari 10,000 na kidogo.

Ekari nyingine zitatoka wapi? Kwa wafugaji wa ng'ombe. Karibu ardhi yote ya Texas ni mali ya watu binafsi, na kwa miaka mingi mwenye ranchi aliogopa ndege huyu kuliko ukame: akitua kwako, serikali itakufuata na masharti. Kilicholegeza mambo ni mikataba inayomhakikishia mwenye ardhi kwamba akitengeneza mbuga na ndege wakaja, hatabebeshwa mzigo mpya zaidi ya aliokuwa nao mwanzo. Kwa njia hiyo, mwaka 2007 ndege wakaanza kuachiwa kwenye ranchi za wilaya ya Goliad, mbali na hifadhi, ili dhoruba moja isiwapate wote. Kwangu huu ni uamuzi wa maana kuliko mashine zote. Wakenya wana kesi inayofanana kwenye uwanda wa Kinangop, ambako ndege mdogo wa kifua cha njano, Macronyx sharpei, anaishi kwenye nyasi za mashamba ya watu. Mkulima akilima viazi au akipanda mikaratusi, ndege hana pengine pa kwenda. Huko pia kila kitu kinategemea mwenye shamba anapata nini akiacha nyasi.

Sasa kufuga. Hairuhusiwi. Sheria ya 1973 ya viumbe walio hatarini inakataza kumshika au kumweka bila kibali, na vibali hupewa vituo tu. Na ingekuwa ruhusa, nisingekushauri. Ndege huyu akishtuka anaruka wima kwa nguvu na kuvunja shingo kwenye paa la banda, ndiyo maana juu ya vizimba vyao hufungwa nyavu laini. Vifaranga wanataka wadudu hai mara nyingi kwa siku. Na kuku wa kawaida ni hatari kwao, kwa maana wanabeba maradhi ambayo wao wenyewe hayawasumbui. Ndani ya vizimba vya Texas kiliwahi kuingia kirusi cha ndege kinachosababisha uvimbe, kikaua na kuchelewesha kazi. Endelea na kuku wako wa kienyeji kama mtaa wenu unaruhusu, lakini ukienda hifadhini usiende na viatu ulivyoingilia bandani.

Na kwenda nendeni, si mbali na kwenu. Hifadhi hufunguliwa mchana, ina barabara ya kuzunguka kwa gari. Siku ya kawaida msitegemee kumwona, kwa sababu sehemu wanakolala zimefungwa kwa wageni. Mwezi Aprili huwa wanafanya sherehe ya wazi, ambapo maua ya mbuga yamechanua na majogoo bado wako uwanjani, na watumishi huwaonyesha watu kutoka mbali kwa darubini. Tarehe hutangazwa kabla, hubadilika mwaka hadi mwaka. Ngoma yao ni ya alfajiri, kwa hiyo mkifika saa nne asubuhi mtakuta nyasi tu.